Msikiombe tena kipindi cha michezo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nami nitoe dukuduku langu. Barua ni ndefu kidogo. Ukiona lazima ipunguzwe, punguza popote pengine, ila habari ya kijana iache ilivyo.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika sekondari moja ya kata wilayani Ilemela, upande wa ziwani, na huu ni mwaka wangu wa 23 kazini. Pamoja na Biolojia nimekabidhiwa michezo, kwa sababu chuoni nilicheza netiboli na mkuu wetu wa zamani akapata habari. Walimu wengi wa michezo huku kwetu wamepatikana hivyo hivyo.

Kwenye ratiba yetu kila darasa lina kipindi cha michezo. Changu na kidato cha pili ni Ijumaa, kipindi cha mwisho. Walimu wenzangu watakaosoma barua hii wanajua kipindi hicho kinavyotumika. Ikifika mwezi wa nane, mwalimu wa Hisabati anakuja ofisini: "Madam, naomba kipindi chako cha leo, nina mada mbili bado." Unampa. Wiki inayofuata anakuja wa Fizikia. Upimaji wa kidato cha pili ukikaribia, wanafunzi wenyewe wanakuwa wameshasahau kama kuna kipindi cha namna hiyo. Katika miaka yangu yote sijamwona mtu akiomba kipindi cha Kemia ili watoto wakafundishwe miili yao.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, miaka minne iliyopita, niliombwa kipindi nikakitoa. Bomba lilikuwa na siku tatu halitoi maji. Watoto walipotoka darasani, wavulana sita walishuka ziwani kufua mashati na kuoga. Wanaoijua Mwanza wanayajua mawe yetu. Yakiwa majini yanaota ukoga na kuteleza kama sabuni. Mmoja aliteleza akaangukia upande wenye kina.

Hakupiga kelele. Wenzake waliniambia baadaye kwamba walidhani anazamia kwa makusudi, kwa vile alikuwa kimya, kichwa kinapanda na kushuka. Mtu anayezama mara nyingi yuko kimya. Kinywa chake kinahangaikia hewa, hakina nafasi ya kuita. Hilo mimi nilikuwa nalijua. Wao hawakulijua, kwa sababu saa ambayo ningeweza kuwaambia walikuwa wanafanya logarithimu.

Mvuvi aliyekuwa akishona nyavu kando ndiye aliyejitosa akamtoa. Wakamlaza kifudifudi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, wakawa wanamkandamiza mgongo na tumbo ili maji yatoke. Kisha watu wawili wakamshika miguu wakamning'iniza. Mwingine akakimbilia bodaboda. Hadi kufika zahanati zilipita kama dakika ishirini na tano, na katika dakika zote hizo hakuna aliyempulizia pumzi hata moja. Simlaumu mtu. Ndivyo tulivyowaona wazee wetu wakifanya tangu tukiwa wadogo.

Lakini pale ufukweni walikuwepo wanafunzi wangu watano, na mmoja wao mwezi uliotangulia alikuwa amepata 86 katika jaribio la mfumo wa upumuaji. Nilimsahihishia kwa mkono wangu. Alichora mapafu vizuri, akaonyesha koo la hewa linavyogawanyika, vifuko vya hewa na kapilari zake, kila mshale mahali pake. Kijana yule alisimama na shati bichi mkononi akimwangalia mwenzake anavyobadilika rangi.

Tulipokwenda kutoa pole, mama wa marehemu, ambaye anauza dagaa Mwaloni pale Kirumba, alinishika mkono akanivuta kando. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kwani hayo shuleni hamfundishi?" Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nikamjibu, "Hatufundishi, mayu." Sikuwa na la kuongeza.

Ndugu Mhariri, ninachoomba ni kimoja. Kipindi cha michezo katika shule za sekondari kiwe somo kamili la mwili na afya, kwa kila mwanafunzi, na kisiombwe na mtu. Huku kando ya ziwa kianze na maji.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe. Kuogelea nilifundishwa na babu mzaa mama, ingawa watu walimsema kwamba anamharibu mtoto wa kike. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa kidato cha tatu. Nilisimama Igoma nikaona majeneza yanavyopangwa. MV Nyerere ilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018 kule Ukara, karibu kabisa na gati la Bwisya, walikufa watu zaidi ya 220, wengi wao nchi kavu wakiiona kwa macho. Kila msiba kama huo ukitokea tunazungumza wingi wa abiria, uzima wa chombo, maboya ya kuokolea. Ni haki yazungumzwe. Ila sijasikia tukiulizana ni wangapi kati ya wale waliwahi kufundishwa kuelea chali hata kwa dakika tano. Na ndege ilipoanguka ziwani pale Bukoba mwezi wa kumi na moja mwaka 2022, waliowahi kufika ni wavuvi, kwa sababu wao ndio wenye mitumbwi na ndio wanaoyajua maji. Ujuzi huo waliupata wapi, na kwa nini usiingie darasani?

Tukisema michezo mashuleni, mazungumzo yote yanakimbilia vipaji. Tunamtaja Nyambui, mtoto wa Majita kule Musoma, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980. Tunaikumbuka timu ya Pamba ya enzi zake. Inakuja Umisseta, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, wanafunzi kumi na wachache wanapewa jezi na nauli, wengine mia saba wanabaki kushangilia. Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi, na michezo imo humo. Nimefurahi, maana yuko mtoto atakayekula kwa miguu yake. Mimi nawasemea wale ambao hawatacheza hata ligi ya kata. Nao wana moyo, mapafu, ini na magoti, na watavitumia vyote miaka sitini ijayo.

Tangu msiba ule sijatoa kipindi changu tena. Nieleze tunachofanya, kwa kuwa hakihitaji fedha nyingi.

Tunaazima dumu la njano la lita 20 jikoni. Tunalifunga kizibo barabara baada ya kuacha maji kidogo ndani, kama vikombe viwili, kwa sababu dumu tupu kabisa likirushwa linapeperuka. Kwenye mkono wa dumu tunafunga kamba ya nailoni niliyopewa na mwenye mtumbwi mmoja hapa kijijini, mita kumi na tano hivi. Uwanjani tunalaza tairi bovu, hilo ndilo mtu anayezama. Mwanafunzi anasimama nyuma ya mstari, mguu mmoja mbele, anaikanyaga ncha ya kamba isimponyoke, anarusha dumu lipite tairi kidogo kisha analivuta polepole hadi limguse. Siku ya kwanza kati ya wanafunzi 78 waliofaulu walikuwa tisa. Baada ya wiki tatu ni wachache sana waliokuwa wanakosa, na wasichana walikuwa na shabaha kuliko wavulana. Sheria ya kipindi ni kwamba unamfikia kwa fimbo au kasia, ukishindwa unarusha dumu, ukishindwa unaita wenye mtumbwi. Kujitosa ni kwa aliyefundishwa. Huku ziwani tumeshazika mara nyingi watu wawili wawili, aliyezama na ndugu aliyejitosa kumwokoa.

Kisha tunaingia kwenye pumzi. Mdoli wa kufundishia hatuna. Tunatumia mfuko wa salfeti uliojazwa vipande vya godoro, ukubwa wa kiwiliwili cha mtu. Aliyezama amekosa hewa kwanza, kwa hiyo unaanza na pumzi: kichwa kinainuliwa nyuma, pua inabanwa, unapuliza hadi uone kifua kinapanda. Halafu unakandamiza katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita tano kwa mtu mzima, unapuliza mara mbili, unarudia bila kuchoka mpaka msaada ufike. Mwendo wake ni kati ya mara 100 na 120 kwa dakika, na hapo tulipata tabu ambayo hakuna kitabu kilichonionya. Hesabu za Kiswahili ni ndefu. Mtoto akifika "kumi na saba", "kumi na nane", ulimi unabaki nyuma ya mikono, mwendo unapungua. Msichana mmoja wa benchi la nyuma ndiye aliyetutoa: tuhesabu moja hadi kumi mara tatu. Tangu siku hiyo ndivyo tunavyofanya, darasa zima linahesabu kwa sauti, na wapishi wanatoka jikoni kuangalia.

Nisemee na lugha. Biolojia naifundisha kwa Kiingereza kama sera inavyotaka. Kipindi hiki nakifundisha kwa Kiswahili, na pakihitajika Kisukuma kidogo. Yule msichana hajawahi kunyoosha kidole kwenye Biolojia. Mtu fulani wa elimu aliwahi kuniambia kwamba haya yote yamo tayari kwenye silabasi ya sayansi, basi hakuna haja ya somo jingine. Nilimkumbuka kijana wangu wa 86. Yamo, ndiyo, na yalijibiwa vizuri kwenye karatasi.

Katika kikao cha wazazi baba mmoja alisimama akaniuliza: "Mwalimu, wewe mwenyewe ndiye uliyewaambia watoto ziwani kuna kichocho. Leo unataka wafundishwe kuogelea?" Swali lake ni la haki na lilininyima usingizi.

Kichocho wengi wetu tunakielewa nusu. Ukimwuliza mwanafunzi wangu kama anacho, atakwambia, "Hapana madam, sikojoi damu." Kichocho cha mkojo ni kimoja, kinapatikana zaidi kwenye malambo na majaruba ya mpunga kama huko Kwimba. Cha ziwani ni kingine, cha tumbo, nacho hakimfanyi mtu akojoe damu. Minyoo yake inakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Mayai mengine yanatoka na choo, mengine yanakwama kwenye ini, na ubaya wake unakuja polepole, baada ya miaka: ini na wengu kuvimba, tumbo kujaa maji, mtu kutapika damu. Choo kikifika ziwani mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwenye konokono, vinazaliana humo wiki kadhaa, kisha vinatoka kumtafuta mtu. Vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu. Na vinatoka kwa wingi mchana jua likiwa kali, saa zile zile watoto wanapokwenda kuoga. Nikifundisha hapo darasa linakuwa kimya, maana kila mmoja anahesabu moyoni amekwenda ziwani mara ngapi wiki hiyo.

Nilimjibu yule baba kwamba watoto wameshaingia majini, na wanaingia kila siku, tukipenda tusipende. Mimi sijamwingiza mwanafunzi hata mmoja ziwani. Ninayofundisha nayafundisha nchi kavu. Kuogelea kwenyewe kunataka bwawa la maji yaliyotiwa dawa, na nathubutu kuliomba hapa hapa: bwawa moja kwa wilaya, shule zikapeana zamu. Mpaka hapo, mtoto anayemjua yule konokono atakaa mbali na matete anamoishi, atajua kwamba maji yaliyowekwa siku mbili kwenye pipa bila konokono yanafaa kuogea, atatumia choo. Na vidonge atameza. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, ni vidonge vikubwa, vichungu, vinapimwa kwa urefu wa mtoto kwenye fito yenye alama, na ukimeza na njaa kichefuchefu kinakusumbua. Nimeshaviokota chini ya madirisha. Ugawaji wenyewe umeelekezwa zaidi shule za msingi. Mtoto akivuka kuja kwetu ni kama amepona, wakati dawa haizuii kuambukizwa upya na ziwa ni lile lile.

Kuna na jambo ambalo lazima nilikiri. Miaka ya nyuma, kabla sijajifunza, nilimlazimisha msichana wa kidato cha kwanza akimbie mchakamchaka. Alikuwa amesema anaumwa miguu, nami nikamwambia aache uvivu. Ilikuwa asubuhi ya baridi baada ya mvua. Alizunguka uwanja mara mbili akaketi chini, analia akishika mapaja na mgongo, analia kwa namna ambayo sijaisikia tena. Alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Nyumbani walijua, hospitali walijua, shuleni hakuna aliyeandikiwa wala aliyeuliza. Aliumwa wiki mbili. Nchi yetu ni kati ya zinazoongoza duniani kwa ugonjwa huu, watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka, na huku Kanda ya Ziwa tunao wengi, kwa sababu aliyerithi kijeni chake kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali na sisi malaria tumeishi nayo vizazi na vizazi. Mtoto wa selimundu anaweza kushiriki michezo. Anahitaji maji ya kunywa kila mara, asipate baridi, apumzike akisema amechoka, na asiadhibiwe kwa kukimbia kamwe. Siku hizi kila Januari nazungumza na kila mwanafunzi mpya peke yake kabla sijapuliza filimbi. Hapo ndipo nilipogundua pia kwamba nusu ya wasichana waliokuwa wakikaa chini ya mwembe na kikaratasi cha "naumwa tumbo" walikuwa kwenye siku zao na hawana taulo za kike, na wanaogopa sketi. Mwalimu asiyejua hayo anaweza kuumiza, kama nilivyoumiza mimi.

Ndiyo maana siwezi kukubali michezo iachiwe kila mwenye filimbi. Hapa hapa mkoani tuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba. Tuna Chuo cha Ualimu Butimba, kinachojulikana kwa michezo na sanaa. Vijana wanaosoma mambo haya wapo. Waajiriwe waje kuyafundisha, tena wafundishwe kwa pamoja na wauguzi wa zahanati zilizo jirani na shule. Elimu ya viungo imekuwepo miaka mingi kama somo la hiari, na shule nyingi hazijawahi kulifungulia hata daftari.

Wenzetu waliliona mapema. Norway waliweka huduma ya kwanza mashuleni tangu mwaka 1961. Mwaka mmoja kabla yake, mtengeneza wanasesere wa huko aitwaye Asmund Laerdal alikuwa ametengeneza mdoli wa kujifunzia kumpa mtu pumzi, ule ambao umeenea dunia nzima. Mtengeneza wanasesere, si daktari. Nami nikiwa nashona mfuko wangu wa salfeti humkumbuka. Uingereza wanataka mtoto amalize shule ya msingi akiwa anaogelea mita 25, na nchi yao haina ziwa hata moja la kulinganisha na letu.

Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Sisi tumempa dakika 40 kwa wiki, kisha tukamwomba atupatie na hizo.

Naziomba mamlaka za elimu zilipe somo hili mwalimu wake, mtihani wake wa vitendo na mahali pake kwenye ratiba ambapo pataheshimiwa. Walimu wenzangu wa Hisabati na Fizikia nawaomba msinikasirikie. Nawapenda na watoto wanawahitaji. Ombeni kipindi kingine.

Yeyote anayehusika akitaka kuona, karibu shuleni kwetu Ijumaa kipindi cha mwisho. Tutakuwa uwanjani, upande wa mwembe. Kamba sasa zimefika tatu. Madumu tunaanza nayo mapema na kuyarudisha kabla ya saa kumi, kwa sababu mpishi anayahitaji kuchotea maji ya uji wa Jumamosi wa wanafunzi wa kambi.

Mwalimu wa Biolojia na michezo,
Ilemela, Mwanza